Nina kisukari na nataka mtoto wa pili: nianze na lipi?

SWALI

Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Tanga mjini na mume wangu, mtoto wetu wa miaka 5 na mama mkwe. Mwaka jana nilipimwa nikaambiwa nina kisukari aina ya pili. Natumia metformin miligramu 500 asubuhi na jioni, pamoja na enalapril ya presha. Kipimo cha miezi mitatu (HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari) mara ya mwisho kilisoma asilimia 8.9. Tangu hapo najipikia sufuria yangu pembeni, mboga za kuchemsha na dona kidogo, wenzangu wanakula wali na chapati. Usiku nikizidiwa naingia jikoni nakula kiporo. Mama mkwe anasema niache wanga kabisa, na vidonge niviache ninywe unga wa mlonge. Fangasi za ukeni haziishi. Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.4. Sasa tunataka wa pili, sindano ya uzazi wa mpango nimeacha miezi miwili iliyopita. Ramadhani nayo huwa nafunga. Stripu za kupimia sukari ni ghali, napima mara mojamoja. Nimechoka, daktari. Nianze na lipi?

JIBU

Marahaba, dada. Barua yako imeanza na sufuria, na mtoto wa pili akaja karibu na mwisho. Mimi naanza na mtoto. Chakula kinaweza kusubiri wiki moja mbili tukipange vizuri, lakini mimba haipigi hodi.

Sindano ya miezi mitatu ukiiacha, kuna wanaokaa karibu mwaka mzima kabla ya kushika mimba, na kuna wanaoshika mapema. Huwezi kujua utaangukia upande gani. Nalisema hili kwa sababu moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika ndani ya wiki 8 za mwanzo, wakati ambao wanawake wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona siku zimechelewa. Sukari ikiwa juu katika wiki hizo, uwezekano wa mimba kutoka, au wa mtoto kuzaliwa na kasoro ya moyo au ya uti wa mgongo, unaongezeka, na unaongezeka kadiri kile kipimo cha miezi mitatu kinavyokuwa juu. Ukianza kliniki ya wajawazito mwezi wa nne na kuishusha sukari, utakuwa umemsaidia mtoto kwa mengi, ila viungo hivyo vitakuwa vimeshajengwa.

Asilimia 8.9 maana yake ni kwamba kwa miezi mitatu sukari yako imekuwa ikizunguka kwenye wastani wa 11 hadi 12 (kwa mmol/L, kipimo ninachotumia barua nzima). Kabla ya kushika mimba tunataka kipimo hicho kiwe chini ya 6.5, mradi mama asiwe anaporomoka na kutetemeka kila siku ili kufika huko. Akiwa juu ya 10 tunamsihi asubiri kwanza. Wewe uko katikati. Kila unaposhuka hatua moja, hata kama hujafika 6.5, hatari nayo inashuka, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya namba moja.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza kabisa, ila ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu: enalapril. Ni dawa nzuri ya presha, na kwa mwenye kisukari inasaidia kulinda figo, ndiyo maana uliandikiwa. Lakini haifai kwenye mimba. Inaweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Ndivyo zilivyo ndugu zake captopril na lisinopril, na losartan pia. Usiitupe leo, kwa sababu presha isiyo na dawa ni hatari nyingine. Nenda kliniki useme wazi, “Nataka kushika mimba, naomba nibadilishiwe dawa ya presha.” Zipo zinazotumika kwa wajawazito miaka mingi, kama methyldopa na nifedipine. Ikitokea siku zimepita na kipimo cha mimba kimeonyesha mistari miwili kabla hujabadilishiwa, siku hiyohiyo acha enalapril na uende hospitali. Kama unapewa pia kidonge cha lehemu chenye jina linaloishia na “statin”, kitaje, nacho huwekwa kando. Metformin endelea nayo.

Kwa hiyo naomba miezi kama minne hadi sita ya maandalizi, na katika miezi hiyo tumieni kinga. Kondomu inatosha kama mnaitumia kila mara. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hakigusi sukari, na siku ukikitoa uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja. Vidonge vyenye homoni mbili nisingekupa, kwa sababu una presha na kisukari pamoja.

Ndani ya miezi hiyo anza kumeza foliki asidi ya miligramu 5 kila siku, walau miezi mitatu kabla. Ile iliyochanganywa na madini ya chuma ambayo wajawazito hupewa ina kiasi kidogo, na mwenye kisukari anahitaji zaidi. Ni kidonge cha bei ndogo, duka la dawa lolote wanacho, ila kianze kwa maelekezo ya daktari wako. Wiki 12 za mimba zikitimia unaacha hiki cha miligramu 5, maana baada ya hapo zinaanza dozi za SP za kuzuia malaria, na foliki nyingi kiasi hicho inapunguza nguvu ya SP. Sehemu zisizo na malaria hawana haja ya kuwaza hili, Tanga tunalo.

Macho yakaguliwe kwa dawa ya kutanua mboni, kabla ya mimba na tena ukiwa mjamzito, kwa sababu mimba yenyewe, pamoja na sukari kushuka kwa haraka, vinaweza kuamsha madhara yaliyokuwa yamejificha nyuma ya jicho. Mkojo upimwe protini, damu ipimwe figo. Na wingi wa damu pia: ukiwa na upungufu wa damu au siko seli, kipimo cha miezi mitatu kinaweza kudanganya, kikasoma juu au chini ya hali halisi, na daktari atalazimika kutegemea zaidi vipimo vya kidole.

Huenda vidonge peke yake visitoshe kukufikisha, na ukaambiwa kuhusu insulini. Najua namna neno hilo linavyopokelewa majumbani. Watu wanaamini ukichomwa insulini basi umefika mwisho, kwa sababu jirani aliyechomwa alikufa mwezi uliofuata, na hakuna anayekumbuka kwamba jirani alikuwa ameshachelewa. Kwa mjamzito insulini ndiyo dawa tunayoitegemea zaidi, haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto kwa kiasi cha kumdhuru, na wengi hupunguziwa au kuachishwa baada ya kujifungua. Friji nayo isikutishe. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walitoa matokeo waliyoyapata kwa kufuata hali ya joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule kaskazini mwa Kenya: insulini iliyokaa kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Chupa unayoitumia ikae kivulini, ndani ya chungu chenye mchanga wa maji au mtungi, mbali na jua na jiko. Kinachoiua ni jua kali na kugandishwa, kwa hiyo anayeiweka kwenye sehemu ya barafu kwa nia njema ameshaiharibu.

Mtoto wako wa kwanza, kilo 4.4. Siwezi kuapa, ila uzito huo unanifanya nifikiri kwamba sukari yako ilikuwa imeshapanda ukiwa na mimba yake na hakuna aliyeigundua. Kipimo chake ni kunywa glukosi gramu 75 kati ya wiki ya 24 na ya 28, na sehemu nyingi bado hakifanywi kwa kila mama. Dada wengine mnaosoma hapa, kama uliwahi kuambiwa una sukari ya mimba kisha ikaondoka ulipojifungua, uwezekano wako wa kupata kisukari cha kudumu ni karibu mara kumi ya mwenzako ambaye hakuwahi kuwa nayo. Pima tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, halafu kila mwaka au walau kila miaka mitatu, hata kama unajisikia mzima. Kunyonyesha kunapunguza uwezekano huo, na hiyo ni faida ambayo mama haambiwi, anaambiwa ya mtoto tu.

Huyo wa kilo 4.4 naye ana hesabu yake. Watoto waliokua tumboni mwa sukari nyingi huelekea zaidi kunenepa na kupata kisukari wakishakuwa watu wazima. Na hapa ndipo ninapofika kwenye sufuria yako.

Sipendi sufuria ya pembeni. Kwa maoni yangu imewarudisha nyuma wanawake wengi kuliko chapati. Mwanamume akipata kisukari, mara nyingi nyumba nzima inabadilika, mke anapunguza chumvi na mafuta, chai inapikwa bila sukari, na watoto wanazoea. Mwanamke akipata, anaendelea kuwapikia wengine walichozoea, kisha anasimama peke yake na mboga za kuchemsha zisizo na ladha, saa ile ambayo kila mtu ameshashiba. Hakuna binadamu anayeweza kuishi hivyo miaka 30. Kile kiporo cha usiku unachokiona kama udhaifu wako kimetokana na mpango mbaya: umeshinda na njaa, umenusa wali wa nazi jioni nzima, ulitegemea nini?

Pikeni chungu kimoja. Chakula kinachokufaa wewe kinamfaa mumeo, kinamfaa zaidi mwanao, na mama mkwe katika umri wake kitamfaa hata akikinunia. Wali upikwe, ila sahani yako ipangwe: nusu nzima ni mboga, robo ni samaki, maharage, kunde, choroko, yai au nyama, na robo iliyobaki ndiyo wali au ugali. Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yako iliyofumbwa. Mboga za Tanga hazihitaji kuchemshwa kama adhabu. Mchicha wa nazi, kisamvu, matembele, bamia na bilinganya, vyote pika vikolee, tui liwe jepesi na chumvi iwe ya kiasi. Nazi ina mafuta mengi, haipandishi sukari kama wali unavyopandisha, lakini inaongeza uzito, ndiyo maana nasema tui jepesi na sikwambii uiache.

Kuna jambo dogo la mpangilio ambalo halina gharama: anza na mboga na samaki, wali uje mwishoni. Chakula kilekile, kiasi kilekile, sukari haipandi kwa kasi ileile. Jaribu uone kwenye kipimo chako.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya makapi yake, ila naona watu wanakula dona mara mbili ya sembe kwa kuwa “ni ya wagonjwa”. Dona ni wanga. Uji wa lishe nao ni wanga, tena uliosagwa laini, unaingia kwenye damu haraka. Asali ni sukari. Tende ni sukari. Juisi ya matunda, hata uliyokamua mwenyewe, ni sukari iliyoachana na nyuzinyuzi zake: chungwa moja la Muheza ukilila na nyama zake ni tunda, ila glasi imekula machungwa matatu au manne. Soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuondoka kabisa, ibaki kama dawa ya siku sukari inaposhuka.

Kama ningechagua mlo mmoja wa kuanza nao ningechagua wa asubuhi, kwa sababu chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na vitumbua vinne inakufanya uanze siku ukiwa kwenye 14. Badala yake kula yai na maharage yaliyobaki jana, vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha au nusu chapati, na chai ya iliki, tangawizi na mdalasini bila sukari. Wiki mbili za kwanza chai itakuwa na ladha ya maji. Ulimi huzoea.

Ushauri wa mama mkwe wa kuacha wanga wote usiufuate, hasa unapojiandaa kwa mimba. Lakini usimfanye adui. Mlonge ni mboga nzuri ya majani, upikeni. Kama dawa ya kusimama badala ya metformin, hauna uwezo huo, na wala habat soda, mwarobaini, shubiri au maji ya bamia. Wanaotumia glibenclamide (kidonge kingine cha kushusha sukari) au insulini wawe waangalifu zaidi, maana wakichanganya na mitishamba inayoshusha sukari wanaweza kushuka ghafla. Na unga usio na lebo unaouzwa kwenye basi kwa ahadi ya kuponya kisukari nisingeugusa. Duniani zimeshakamatwa dawa za “asili” ambazo ndani yake mlikuwa na glibenclamide iliyosagwa.

Kuhusu metformin yenyewe, dozi yako ni ndogo. Ikiwa tumbo lako linaivumilia, daktari ana nafasi ya kuipandisha. Inywe pamoja na chakula. Ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, hivyo ganzi ya miguu isihesabiwe moja kwa moja kuwa ya kisukari. Na kwa wenzetu wanaotumia ARV yenye dolutegravir, metformin isizidi miligramu 1,000 kwa siku, kwa hiyo daktari wa kisukari lazima aijue ile dawa nyingine, hata kama ni vigumu kuitaja.

Stripu. Kupima mara mojamoja bila mpango ni kutupa pesa, bora upime chache zenye maswali. Chukua nne kwa wiki. Mbili zitumie siku moja kuuliza mlo mmoja: pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Ikiwa imepanda kwa zaidi ya 3, mlo huo ulikuwa na wanga mwingi, punguza wali uone wiki ijayo. Mbili nyingine ni za asubuhi kabla ya kula chochote. Kwa sasa lenga asubuhi kati ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baada ya kula isifike 10. Ukishika mimba malengo yanabana: asubuhi chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, saa mbili chini ya 6.7, na hapo kupima kunakuwa kwa kila siku, kwa hiyo akiba ya stripu ianze kuwekwa sasa. Mashine yako ikisoma namba kama 126 au 180, ni kipimo cha aina nyingine (mg/dL), gawanya kwa 18.

Fangasi za ukeni haziishi kwa sababu sukari haijashuka. Sukari ikizidi kwenye damu inatoka na mkojo, na fangasi wanaipenda. Dawa ya kuingiza ukeni kama clotrimazole itakutuliza, halafu watarudi mpaka chanzo kishughulikiwe. Acha kujiosha ndani kwa sabuni za dawa, limau, shabu au maji ya chumvi. Osha nje kwa maji tu. Ukipata muwasho tena upimwe badala ya kununua dawa ileile, kwa sababu si kila uchafu wa ukeni ni fangasi. Fluconazole ya kumeza uiogope ukiwa na mimba changa. Na kama siku moja utaandikiwa dapagliflozin au empagliflozin, jua zinashusha sukari kwa kuitoa kwenye mkojo na zinaongeza tatizo hilihili, useme mapema. Ukavu na kukosa hamu ya tendo ambavyo wanawake wengi hawaviandiki kwenye barua, navyo vina tiba. Usiogope kumwambia muuguzi.

Ramadhani. Ukiwa mjamzito usifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 184, na huhitaji kuonyesha ushujaa mbele ya wifi. Usipokuwa mjamzito na unatumia metformin peke yake, hatari ya sukari kushuka mchana ni ndogo, ila kwa 8.9 muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dozi huhamishiwa futari na daku. Kinachoharibu ni futari yenyewe: uji wa sukari, tambi, kaimati, mihogo ya nazi na juisi ya ukwaju, vyote ndani ya nusu saa. Kutoboa kidole hakufunguzi, wanazuoni wengi wamelisema hilo. Ukikuta sukari chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hapohapo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika kumi.

Mazoezi sitayaremba. Mtu akisema “nafanya kazi za nyumbani kutwa” namwamini, lakini kazi za kusimama na kuinama hazimpandishi pumzi. Dakika 10 hadi 15 za kutembea haraka baada ya chakula cha usiku zinafanya kazi kubwa, kwa sababu misuli inayotembea inavuta sukari hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Kama uko Ngamiani barabara zimepangwa kwa namba, chagua mbili, nenda na urudi, na mumeo au jirani akiwa pembeni yako. Viatu vya kufunika vidole, tafadhali. Ukirudi angalia nyayo. Na moyo usiuache nyuma kwa kuwa una miaka 34: kisukari kinaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa wanawake zaidi ya kinavyoiongeza kwa wanaume, na wanawake wengi wanakuja wakisema wamechoka au wana kiungulia, siyo maumivu ya kifua yale ya kwenye tamthilia. Presha chini ya 130/80 ndiyo kinga yako kubwa hapo.

Umeandika neno “nimechoka” bila kulifafanua, nami sitalipita. Watu wenye kisukari hupata sonona mara nyingi zaidi ya wasio nacho, na kati yao wanawake ndio wengi. Jiulize: katika wiki mbili hizi, siku nyingi nimekuwa na huzuni au kukosa matumaini? Vitu nilivyokuwa navipenda nimeacha kuvijali? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Sonona inatibika, na isipotibiwa itakula kila ushauri nilioandika hapa juu.

Mumeo aende nawe kliniki ijayo. Kwenye hudhurio la kwanza la ujauzito ataitwa vilevile, basi aanze sasa, amsikie daktari kwa masikio yake kwamba mpango huu una miezi minne hadi sita na kwamba kondomu ni sehemu ya matibabu. Maneno yakitoka hospitali kwake, mama mkwe atayapokea tofauti na yakitoka kwako jikoni. Si haki, lakini ndivyo nyumba zetu zilivyo, tutumie njia iliyo wazi.

Wenzako wenye hali hii wapo karibu kuliko unavyodhani. Siku ya kliniki ya kisukari Bombo, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, keti benchi moja na wanawake wa rika lako, muulizane namba. Kama mko watano kwenye VICOBA moja, wekeni mfuko mdogo wa stripu. Mkiwa na mashine za aina moja mnaweza kununua kopo kubwa na kulimaliza mapema, maana stripu zikishafunguliwa hazikai milele, angalia maandishi kwenye kopo. Mashine ni bora kila mtu awe na yake, na mkiazimana isafishwe kwa dawa kila baada ya mtu mmoja. Sindano ya kutobolea kidole haiazimwi hata kwa dada wa damu, wala kile kikalamu chake, kwa sababu ya homa ya ini na VVU.

Tarehe ya kliniki ikifika, peleka karatasi yenye mambo manne: nataka mtoto, naomba dawa ya presha ibadilishwe, naomba foliki ya miligramu 5, na naomba macho na figo vipimwe. Mengine tutayapanga namba zikishuka. Ukishika mimba na kufika wiki ya 12 uulizie aspirini ya dozi ndogo, kwa sababu una kisukari na presha pamoja, na kifafa cha mimba kinawapenda wenye viwili hivyo. Uzalie hospitali yenye chumba cha upasuaji na huduma ya watoto wachanga. Mimba ya mwenye kisukari kwa kawaida haiachwi ivuke wiki ya 39, na mtoto hupimwa sukari mara anapozaliwa kwa kuwa yake inaweza kushuka.

Kuna yasiyosubiri tarehe. Kutapika mfululizo huku sukari ikiwa juu ya 15, kupumua kwa kasi, kidonda cha mguu kinachobadilika rangi, homa pamoja na maumivu ya kiuno upande mmoja, kuona ukungu ghafla, au kikohozi kilichopita wiki mbili, kwa kuwa kifua kikuu nacho kinamfuata mwenye kisukari. Na ukianza insulini ukajiona unatetemeka, jasho jembamba, moyo unakwenda mbio: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, ukae dakika 15, upime tena, ndipo ule. Mfundishe na mama mkwe jinsi ya kukoroga glasi hiyo, maana mchana yeye ndiye anayebaki nawe nyumbani.